Sura ya 28: Nikeli, Jirani wa Kobalti na Shaba

Chukua sumaku. Si lazima iwe ya maabara; ile iliyomo ndani ya spika mbovu ya redio inatosha. Nenda nayo jikoni, uisogeze kwenye kijiko ambacho nyuma ya mpini kimegongwa namba 18/8 au 18/10. Mara nyingi haitanasa. Namba hizo zinakwambia kwamba katika kila sehemu mia za metali ya kijiko hicho, 18 ni kromiamu na 8 au 10 ni nikeli. Sehemu zinazobaki, zaidi ya 70, karibu zote ni chuma. Hapo ndipo penye ajabu. Chuma hunaswa na sumaku, hilo kila mtoto analijua. Nikeli nayo hunaswa. Ni mojawapo ya elementi chache sana, pamoja na chuma na kobalti, zinazovutwa kwa nguvu na sumaku katika joto la kawaida. Iweje metali mbili zinazonasa zikichanganywa zitoe kijiko kisichonasa?

Kama babu ameweka sarafu za zamani, tafuta shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Imetengenezwa kwa shaba na nikeli. Nayo haitanasa. Kisha jaribu sarafu ya shilingi 500 ya siku hizi: itarukia sumaku papo hapo, maana ndani ni chuma, na nikeli imepakwa juu tu. Hata sumaku yenyewe, ikiwa ni ile ndogo yenye nguvu nyingi na inayong'aa, mng'ao wake kwa kawaida ni wa nikeli iliyopakwa juu ili isiliwe na kutu.

Majibu ya vitendawili hivi yamo kwenye elektroni chache za atomi ya nikeli, na tukishazifahamu hizo, karibu kila tabia nyingine ya metali hii inajieleza.

Ndani ya atomi

Nikeli ni namba 28 katika jedwali radidi, na alama yake ni Ni. Namba hiyo ni idadi ya protoni zilizomo kwenye kiini cha atomi yake. Ongeza protoni moja, umepata shaba. Ondoa moja, umerudi kwenye kobalti ya sura iliyopita. Kwa kuwa atomi nzima haina chaji, elektroni zinazokizunguka kiini nazo ni 28.

Pamoja na protoni, kwenye kiini zimo neutroni, na idadi yake hutofautiana kati ya atomi na atomi. Nikeli inayopatikana ardhini ina isotopu tano zilizo imara. Iliyo nyingi kuliko zote ni nikeli-58, yenye neutroni 30, ambayo ni takriban asilimia 68 ya nikeli yote. Nikeli-60 ni asilimia 26. Nyingine tatu, yaani nikeli-61, nikeli-62 na nikeli-64, zinagawana asilimia 6 iliyobaki. Wastani wa zote ndio ule uzito wa atomi wa 58.69 unaouona kwenye jedwali. Zikumbuke hizo neutroni 30, tutazihitaji muda si mrefu.

Elektroni zimepangwa kwenye maganda: 2 katika la kwanza, 8 katika la pili, 16 katika la tatu na 2 katika la nne. Mwanafunzi aliyezoea kuandika 2:8:8:2 kwa kalisi hushtuka akiona 2:8:16:2. Ganda la tatu limepata wapi nafasi ya elektroni 16? Jibu ni kwamba ganda hilo limegawanyika ndani. Lina sehemu ya s inayobeba elektroni 2, sehemu ya p inayobeba 6, na sehemu ya d inayobeba 10. Kalisi imejaza s na p tu, kisha ikaweka elektroni zake mbili za mwisho kwenye ganda la nne. Kuanzia skandiamu, namba 21, elektroni mpya zinarudi ndani na kuanza kuijaza ile d iliyoachwa, ambayo wanakemia huiita 3d. Elementi za safu hiyo ndizo metali za mpito, na nikeli ni ya nane, kwa hiyo ina elektroni nane kwenye 3d.

Sasa chora chini mashimo matano kama ya bao, na tuweke sharti kwamba kila shimo linapokea kete mbili tu. Elektroni zikiingia 3d, kila moja hutafuta shimo lake kwanza kabla ya kukubali kukaa na mwenzake. Gawa kete nane kwa sharti hilo. Mashimo yote matano yanapata kete moja moja, halafu tatu zinazobaki zinaongezwa kwenye mashimo matatu. Umebaki na mashimo mawili yenye kete moja moja. Kila elektroni ni sumaku ndogo mno. Zikiwa mbili ndani ya shimo moja zinaelekea pande mbili kinyume, na nguvu zao zinafutana. Zile mbili zilizo peke yake hazina wa kuzifuta. Usumaku wa nikeli unaanzia hapo.

Ukikuta kitabu kingine kimeandika 2:8:17:1 badala ya 2:8:16:2, usiharakishe kusema ni kosa la mpiga chapa. Tofauti ya nishati kati ya mipangilio hiyo miwili ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wamebishana kuihusu kwa miaka mingi. Kwenye mtihani andika 2:8:16:2, lakini jua kwamba atomi yenyewe haijali sana.

Nani atangulie?

Dmitri Mendeleev alipopanga jedwali lake mwaka 1869 alifuata uzito wa atomi. Kwa kanuni hiyo, na kwa vipimo vya leo, nikeli, yenye uzito wa 58.69, ilipaswa kutangulia kobalti, yenye 58.93. Lakini kwa tabia za kikemia, kobalti ndiyo iliyostahili kukaa juu ya rodiamu, na nikeli juu ya paladiamu. Kobalti ikawekwa mbele, kanuni ikavunjwa, na sababu haikuwepo.

Sababu ilikuja mwaka 1913 kutoka kwa kijana wa miaka 25, Henry Moseley, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Ernest Rutherford kule Manchester, Uingereza. Moseley alizipiga metali, moja baada ya nyingine, kwa mkondo wa elektroni, akapima eksirei zilizotoka. Kila elementi ilikuwa na eksirei zake. Alipochukua kipeuo cha pili cha masafa ya eksirei hizo, akaona kinapanda kwa hatua zilizo sawa kutoka elementi moja hadi nyingine, bila kuruka na bila kurudi nyuma. Kobalti ikaangukia hatua ya 27 na nikeli ya 28. Namba ya mahali pa elementi kwenye jedwali, ambayo hadi siku hiyo watu wengi waliichukulia kama namba ya foleni tu, ikaonekana kuwa ni kiasi cha chaji kilichomo kwenye kiini. Tangu hapo jedwali linapangwa kwa namba atomia, na uzito umebaki kuwa habari ya pembeni. Moseley aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, Agosti 1915, akiwa na miaka 27. Katika historia ya sayansi ni vigumu kupata mtu aliyefanya kazi kubwa kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho.

Kwa nini basi nikeli, iliyozidi protoni moja, ni nyepesi kuliko kobalti? Rudi kwenye zile neutroni 30. Kobalti ya asili ina isotopu moja tu, kobalti-59, yenye neutroni 32. Nikeli iliyo nyingi imepungukiwa neutroni mbili. Imeongeza protoni moja, imepoteza neutroni mbili, na mizani ikaelemea upande wa jirani yake.

Shilingi kwanza, kijiko baadaye

Nilisema atomi moja ya nikeli ina elektroni mbili zisizo na wenzao. Lakini ukipima kipande cha metali yenyewe, unakuta nguvu ya sumaku kwa kila atomi ni kama ya elektroni 0.6 tu. Kwa chuma ni 2.2, na kwa kobalti ni 1.7. Hakuna nusu elektroni, 0.6 ni wastani. Ndani ya metali atomi zimebanana, elektroni za nje zinazagaa kipande kizima, na baadhi ya zile za ganda la nne huingia kujaza 3d. Katika kila atomi mia za nikeli, nafasi zinazobaki wazi kwenye 3d ni kama 60.

Sasa ichanganye na shaba, elementi namba 29. Shaba ina 3d iliyojaa kabisa, na ina elektroni moja zaidi ya nikeli. Kila unapoondoa atomi ya nikeli na kuweka ya shaba, umeongeza elektroni moja kwenye akiba ya wote, nayo huenda kuziba nafasi iliyo wazi. Ukishaweka atomi 60 za shaba katika kila mia, nafasi zote 60 zimezibwa. Hakuna elektroni ya 3d iliyobaki bila mwenzake, na usumaku umekwisha. Hesabu hiyo imerahisishwa, na wanafizikia wana mengi ya kuiongezea, lakini vipimo vya maabara haviangukii mbali na 60. Na hapo tunazungumzia baridi kali. Katika joto la chumbani hata shaba pungufu ya hapo inatosha, kwa sababu joto nalo linavuruga mpangilio wa sumaku ndogondogo. Shilingi za namna ile huwa na shaba asilimia 75 na nikeli 25. Sarafu ya senti tano ya Marekani, ambayo Wamarekani wenyewe huiita nikeli, ina kipimo hicho hicho, nayo hainasi kwa sababu hiyo hiyo. Jambo jingine la kutazama: robo moja ya nikeli imetosha kuufuta wekundu wote wa shaba na kuiacha sarafu nyeupe kama fedha.

Kwenye kijiko sababu ni nyingine, nayo haiko katika idadi ya elektroni bali katika namna atomi zilivyopangwa. Chuma katika joto la kawaida hupanga atomi zake kwa michemraba yenye atomi kwenye kila kona na moja katikati. Kila atomi inagusana na majirani nane. Ukikipasha chuma hadi nyuzi 912 za Sentigredi, atomi zinajipanga upya: moja kwenye kila kona ya mchemraba, na moja katikati ya kila uso wake. Hapo kila atomi inagusana na majirani 12. Katika mpangilio huu wa pili chuma hakinaswi na sumaku. Kikipoa, kinarudi kwenye mpangilio wa kwanza, na usumaku nao unarudi.

Nikeli, kwa upande wake, hukaa katika mpangilio wa majirani 12 siku zote, iwe baridi iwe moto. Ukiichanganya ya kutosha na chuma na kromiamu, inauzuia mchanganyiko mzima usirudi kwenye mpangilio wa kwanza unapopoa. Kijiko chako kimepoa, kimeoshwa mara elfu, kimelala kabatini, na bado atomi za chuma zilizomo zimepangwa kama ziko kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 900. Ndiyo maana hakinasi. Kazi ya kuzuia kutu ni ya kromiamu, inayotengeneza utando mwembamba wa oksaidi juu. Nikeli inakipa chuma hicho uwezo wa kukunjwa na kuvutwa kuwa sufuria, bomba au sinki bila kupasuka.

Wafanyabiashara wa vyombo wanaijua hila hii. Stenlesi ya bei nafuu ina kromiamu bila nikeli, na sumaku huinasa, basi mnunuzi mjanja huenda dukani na sumaku mfukoni. Kipimo hicho kinasaidia, ila kina mipaka. Kuna stenlesi inayotumia manganizi mahali pa sehemu kubwa ya nikeli, nayo hainasi. Na hata chombo cha 18/8 hunasa kidogo kwenye kona zilizokunjwa kwa nguvu kiwandani, kwa kuwa kukunja kumezisukuma baadhi ya atomi zirudi kwenye mpangilio wa zamani. Pitisha sumaku taratibu kwenye pembe za sinki uone.

Mwalimu mwenye waya wa nikeli safi anaweza kuonyesha jambo jingine la kupendeza. Atundike waya huo uvutwe na sumaku, kisha aupashe kwa kichomeo cha Bunsen. Ukifika karibu nyuzi 355, unaiachia sumaku na kuanguka pembeni. Ukipoa, unavutwa tena. Chuma kingehitaji nyuzi 770, na kobalti zaidi ya 1,100.

Tabia nyingine kwa haraka

Nikeli ni nyeupe kama fedha, yenye dokezo la udhahabu kwa mbali ukiiweka kando ya kromiamu. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 8.9. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Hupitisha umeme, lakini kwa takriban robo tu ya uwezo wa shaba. Huvutwa kuwa waya na hupigwa kuwa bati bila shida. Hewani hujifunika utando mwembamba wa oksaidi unaoizuia isiendelee kuliwa, na kwa sababu hiyo imekuwa ikipakwa juu ya metali nyingine tangu karne ya 19.

Inapoingia kwenye kemia ya majimaji, kwa kawaida nikeli hutoa elektroni mbili na kuwa Ni²⁺. Zinazotoka ni zile mbili za ganda la nne. Nane za 3d zinabaki, na ndizo zinazoipa rangi. Yeyusha fuwele za salfeti ya nikeli kwenye maji upate kijani safi. Dondoshea amonia ya kutosha, kijani kinageuka buluu, kwa sababu molekuli za amonia zimechukua mahali pa molekuli za maji kuizunguka ioni, na elektroni za 3d sasa zinafyonza mwanga wa aina nyingine. Tia kemikali iitwayo dimethiliglaiksimu, unapata mashapo mekundu kama waridi. Kipimo hicho kilibuniwa na Mrusi Lev Chugaev mwaka 1905, na bado kinatumika kutambua nikeli hata ikiwa kidogo sana.

Kuna wanaoitambua nikeli bila kutaka. Baadhi ya watu ngozi zao huikataa nikeli: hereni au kifungo cha suruali ya jinzi kinaloa jasho, ioni chache zinatoka, na ngozi inawasha na kutoka vipele. Ukiona hereni zimeandikwa kuwa hazina nikeli, ni kwa ajili ya watu hao.

Metali iliyogeuka gesi

Nikeli ilitambuliwa mwaka 1751 na Msweden Axel Fredrik Cronstedt, aliyeichunguza kutoka kwenye mawe ya mgodi wa kobalti wa Los. Alitarajia kupata shaba, akapata metali nyeupe, ngumu, iliyovutwa na sumaku. Wachimbaji wa Kijerumani walikuwa wakiyajua mawe ya namna hiyo tangu zamani na wakiyalaani, kwa kuwa yalikuwa na wekundu wa shaba lakini hayakutoa shaba hata kidogo. Jina la nikeli linatokana na pepo mtundu waliyemsingizia. Kwa zaidi ya karne moja baadaye, kuisafisha nikeli kulibaki kazi ngumu, kwani kobalti na shaba huwa zimeambatana nayo na tabia zao zimekaribiana mno.

Aliyepata njia mpya hakuwa akiitafuta. Ludwig Mond, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alikuwa na kiwanda cha magadi. Kampuni yake ya Brunner Mond ndiyo iliyokuja kuichukua Magadi Soda ya Kenya mwaka 1924, baada ya yeye kufariki. Katika mitambo yake valvu za nikeli zilikuwa zikiharibika na kufunikwa ukoko mweusi wenye kaboni. Mond na wasaidizi wake, Carl Langer na Friedrich Quincke, wakaamua kulifuatilia: wakapitisha gesi ya kaboni monoksaidi juu ya unga laini wa nikeli ndani ya bomba la moto. Gesi iliyobaki walikuwa wakiichoma mwishoni mwa bomba, kwa kuwa ni sumu. Jioni moja bomba likiwa linapoa, mwali wa gesi ile ukabadilika ghafla, ukawa mweupe wenye kung'aa. Wakaweka kipande cha kauri baridi juu ya mwali. Kikapata utando unaong'aa kama kioo. Ulikuwa nikeli.

Kilichotokea ni kwamba atomi moja ya nikeli imejifunga na molekuli nne za kaboni monoksaidi kwenye joto la nyuzi 50 hivi, ikawa Ni(CO)₄, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 43 tu. Metali inayohitaji nyuzi 1,455 ili iyeyuke imegeuka mvuke kwenye joto la maji ya kuoga. Ukiupasha mvuke huo hadi nyuzi 200 hivi, unavunjika, kaboni monoksaidi inaachiliwa itumike tena, na nikeli inabaki peke yake ikiwa safi kabisa. Kobalti na shaba hazifanyi hivyo katika hali ile ile, kwa hiyo zinaachwa nyuma kwenye bomba. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 1890, na tangu mwaka 1902 kiwanda cha Clydach, kule Wales, kimekuwa kikisafisha nikeli kwa njia hiyo. Usije ukaota kuijaribu shuleni: mvuke huo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotumika viwandani, na kiasi kidogo sana hewani kinatosha kuua.

Habari za Mond zilifika Ufaransa, kwa Paul Sabatier wa Toulouse. Alijiuliza: kama nikeli inakubali kujifunga na kaboni monoksaidi, je, itakubali gesi nyingine? Mwaka 1897, akiwa na Jean-Baptiste Senderens, alipitisha ethilini na haidrojeni juu ya unga wa nikeli, akaona gesi hizo mbili zimeungana kuwa ethani, na nikeli ikabaki vilevile. Ilikuwa kichocheo. Uso wa nikeli hushika molekuli ya haidrojeni na kuitenganisha kuwa atomi mbili, kisha huziachia ziungane na kilicho jirani. Kazi hiyo ilimpatia Sabatier Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912, aliyoshirikiana na Victor Grignard. Mjerumani Wilhelm Normann akaipeleka kwenye mafuta ya kula: mafuta ya maji, yakipitishiwa haidrojeni mbele ya nikeli, huganda. Mafuta ya kupikia yanayouzwa kwenye makopo yakiwa yameganda yalizaliwa kwa njia hiyo, na majarini ya kupaka mkate nayo ikaja kutengenezwa kwa mafuta ya namna hiyo. Baadaye ilionekana kwamba ugandishaji usiokamilika huacha mafuta ya trans yanayodhuru moyo, na nchi nyingi zimeyawekea mipaka.

Kutoka nyota hadi Ngara

Vitabu vingi husema chuma ndicho chenye kiini kilicho imara kuliko vyote. Kwa kipimo cha nishati inayoshikilia kila chembe ya kiini, mshindi ni nikeli-62. Chuma kinafuata nyuma kwa tofauti ndogo sana. Na sehemu kubwa ya chuma tulicho nacho ilipitia kwanza kwenye nikeli. Nyota inapolipuka, hutengeneza nikeli-56 kwa wingi, yenye protoni 28 na neutroni 28. Hii haidumu: nusu yake hugeuka kobalti-56 ndani ya siku sita, na kobalti hiyo nayo hugeuka chuma-56, nusu yake kila baada ya siku 77. Namba 28, kisha 27, kisha 26. Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka katika galaksi jirani, kwenye anga la kusini, ikaonekana kwa macho matupu kwa miezi. Wanaanga walipima namna mwanga wake ulivyofifia, wakakuta unafuata zile siku 77 za kobalti.

Kiasi cha nikeli ya kale iliyotoka angani unaweza kukigusa kwa mkono wako ukifika Mbozi, mkoani Songwe. Kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ni chuma kwa takriban asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9. Wenyeji walikijua, maandishi ya wageni yanaanza mwaka 1930. Nikeli hiyo ni ushahidi wa kimetoka wapi, kwani chuma cha asili chenye nikeli kiasi hicho ni nadra mno juu ya ardhi. Sehemu kubwa ya nikeli ya dunia ilizama pamoja na chuma kwenda kwenye kitovu cha sayari ilipokuwa ingali ya moto.

Tunachochimba ni masalio, na yapo ya aina mbili. Ya kwanza ni udongo mwekundu wa nchi za joto, uliotokana na miamba iliyooza kwa mvua ya mamilioni ya miaka, nikeli ikabaki na kujikusanya. Nikeli ya Indonesia, nchi inayoongoza kwa uchimbaji duniani, ni ya namna hiyo, na ya Musongati nchini Burundi pia. Ya pili ni miamba migumu yenye salfa, ambamo nikeli imo ndani ya madini yaitwayo pentlandaiti, pamoja na chuma. Miamba ya Sudbury, Kanada, ni ya aina hii, na ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi, ni ya aina hii pia.

Mwamba wa Kabanga una nikeli zaidi ya asilimia mbili. Kwa masikio ya mwanafunzi ni kidogo, lakini kwa mchimbaji wa nikeli ni utajiri, kwa kuwa migodi mingi duniani inafanya kazi na pungufu ya hapo. Utafiti ulianza miaka ya 1970, kampuni zikapokezana, na mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ikasaini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16. Mpango uliotangazwa ni kuusaga mwamba na kuutajirisha Ngara, kisha kuusafisha Kahama, kwa kuyeyusha madini ndani ya majimaji badala ya kuyachoma kwenye tanuri linalotoa moshi wa salfa. Katika majimaji hayo zitakuwemo ioni tatu zilizofuatana kwenye jedwali: kobalti, nikeli na shaba, kwa kuwa Kabanga zote tatu zimo ndani ya mwamba mmoja. Shaba hutolewa kwa urahisi kiasi. Kobalti na nikeli ndizo zinazosumbua, maana zote mbili huelea kama Ni²⁺ na Co²⁺, zenye ukubwa unaokaribiana na chaji iliyo sawa, na dawa ya kuzitenganisha lazima itambue tofauti ya elektroni moja kwenye 3d.